Mama wa Studio na Milima ya Ziwani

Asubuhi ikiwa ya kawaida, Mama wa Studio alinigongea ukuta kwa kiganja, ndiyo salamu yake. Mawingu yakiwa mazuri, aligonga kwa ngumi. Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi chumba changu cha kushonea kilipakana na studio yake ya picha hapa Kalangalala, mjini Geita, ukuta mmoja tu katikati yetu. Nilijua siku itakavyokuwa kwa kusikiliza ukuta.

"Mama Kulwa! Toka nje! Toka haraka, angalia upande wa ziwa!"

Natoka na futi bado iko shingoni. Yeye tayari yuko barabarani, ushungi umemwangukia mabegani, kiganja kiko juu ya macho, na bodaboda zinamkwepa huku na huku.

"Unaona?"

"Naona mvua inakuja, mama. Nina nguo za wateja kwenye kamba."

"Mvua! Eti anaiita ile mvua!" Hayo alimwambia muuza vocha aliyekuwa karibu, kama anayemshtakia. Kisha akanigeukia. "Ile ni nguzo, mwanangu. Na jua limesimama nyuma yake. Funga duka, twende."

Na mara nyingi nilifunga, tukaenda.

Mambo ya alikozaliwa na ukoo wake nayaacha. Alikuwa mjane wa familia moja ya Kihindi ya Kiislamu yenye duka la vifaa vya ujenzi, na mumewe ndiye aliyeifungua ile studio. Alipofariki, watu walidhani mjane atauza kamera akae ndani. Yeye akafungua mlango siku eda yake ilipokwisha, akafuta vumbi kwenye kioo, akaweka kiti katikati ya chumba na kungoja mteja. Alikuwa mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Kisukuma chake kilikuwa kile cha wafugaji, si cha mjini. Akipita sokoni na kusema "Mwangaluka!" wanawake wa dagaa walimwitikia kabla hawajageuka kuona ni nani.

Wateja wa picha za pasipoti walimwogopa. "Kidevu juu. Si hivyo, umekuwa kama kuku anayekunywa maji. Masikio yaonekane. Usitabasamu, serikali haitaki meno." Mtu akikopesa jicho alimgombeza kama mtoto. Subira hakuwa nayo hata kidogo, mpaka mtu mzima akasahau jina lake mwenyewe mbele ya ile kamera. Lakini mwanamke huyohuyo nimemwona amekaa juu ya jiwe tangu asubuhi hadi jua linapinduka, akingoja kiwingu kimoja kihame juu ya kisiwa, na wala hakulalamika. Alikibembeleza. "Njoo baba, njoo taratibu. Hapohapo. Aa, umepita!" Halafu anacheka peke yake, anakingoja kingine.

Milima yetu ya ziwani, mtu wa Kilimanjaro akiiona ataicheka. Ni vilima vya mawe vinavyoinuka ghafla ukielekea Nzera na Nkome, vingine vikitumbukiza miguu majini kabisa. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, nilipokuwa bado najifanya nimemsindikiza tu kwa sababu watoto wake walimkataza kwenda peke yake. Akanijibu, "Mlima ni mlima ukikutoa jasho." Jasho lilinitoka. Yeye alitangulia na suruali yake ya Kipunjabi, viatu vya michezo vya mwanawe wa kiume na koti la mvua lililofungwa kiunoni, begi la kamera mgongoni. Mguu wa kamera, ule wenye matawi matatu, aliutumia kama fimbo. Chakula chetu kilikuwa chapati zilizoviringwa na achari ya ndimu iliyokuwa kali kiasi cha kukutoa machozi. "Ile inakuamsha," alisema. "Mtu aliyeshiba sana hapigi picha, anapiga usingizi."

Mlima wake alioupenda kuliko yote ulikuwa mmoja wenye mgongo wa mwamba mtupu, umebinuka kama nundu ya fahali, na sisi wawili tukauita Nundu. Nilipofika juu mara ya kwanza nilikuwa nimeshika mbavu. Nikainua kichwa. Ziwa lilikuwa limelala chini yetu lote, visiwa nyuma ya visiwa, mitumbwi midogo kama mbegu za papai, na mbali kabisa moshi ulikuwa unapanda kutoka majini, nguzo ndefu nyeusi zinazoyumba.

"Mama, ziwa linaungua!"

Alikuwa ameshaanza kukimbia. Mama wa umri ule alikuwa anakimbia juu ya mwamba na kamera mkononi. "Wadudu!" alipiga kelele. "Ni wadudu wa ziwani, wanaruka, mamilioni! Shika mguu wa kamera, shika, upepo utauangusha!" Nikashika. Zile nguzo zikaja zikipinda, jua likapenya katikati yake, zikawa rangi ya shaba, na nikajikuta na mimi napiga kelele bila kujua napiga kwa nini. Tulirudi mjini na wadudu kwenye nywele, masikioni, hata ndani ya chapati. Usiniulize kama nilikwenda tena. Jumapili iliyofuata mimi ndiye niliyegonga ukuta.

Jambo moja lililonishangaza ni kwamba aliliogopa ziwa. Wavuvi wa Nkome walimfahamu, wakamkaribisha mara nyingi kwenye mtumbwi ili akaipige picha Nundu kutoka majini. Alikataa katakata. Hata kulowesha kidole hakutaka. Lakini akiwa juu ya mwamba, kwenye ukingo ambapo jiwe likianguka hulisikii likifika, alijiinamisha mbele mpaka nikamshika nguo kwa nyuma. "Mama, utaanguka!" "Niache, nimejaa mizizi." Mtu gani anaogopa maji ya magotini na haogopi shimo? Nilimuuliza. Akafikiri kidogo, akasema, "Shimo nalielewa."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa akiendesha lile duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu mpole, msafi, kanzu yake haikuwahi kuwa na kunyanzi. Safari za milimani zilimkera. Mjane wa heshima, aliniambia, hatangitangi porini kwenye nyoka na mafahali wa watu. Siku moja alipandwa na hasira, akachukua gari akatufuata. Tulikuwa juu, tukamwona chini akipanda na makubazi ya dukani, akishika majani, akisimama, akipanda tena. Mama wa Studio alicheka mpaka akakaa chini.

Shemeji alifika amelowa, kanzu imeraruka pindoni. Alifungua mdomo kuanza kusema. Wakati ule jua lilikuwa limetoka tu baada ya manyunyu, na nchi yote upande wa kusini ilikuwa inang'aa, mabati ya mji yakimetameta mbali kama samaki waliomwagwa. Akasimama palepale, mdomo wazi. Tukangoja ugomvi. Hatimaye akauliza kwa sauti ndogo, akimwita mke wa kaka yake kwa lugha yao:

"Bhabhi, duka letu liko upande gani?"

Mama wa Studio akamshika bega, akamgeuza, akamwonyesha. Akamtafutia kwenye lenzi ndefu. Shemeji akachungulia, akasema "Sioni," akachungulia tena, na tena. Hatukusikia habari ya heshima siku ile wala baadaye. Duka aliendelea kulitafuta kila alipopanda, maana alipanda mara nyingine, safari hizo akiwa na viatu.

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi hapa Geita ni kile cha rashi ya Nundu.

Msimu mmoja ilivuma kwamba dhahabu imeonekana kwenye tako la mlima, upande wa nyuma usiotazama ziwa. Rashi ikaanza. Watu wakamiminika kutoka Katoro, kutoka Kahama, kutoka kila mahali, na kabla hujageuka pakawa na maturubai, wauza chai, karasha zinazosaga mawe mchana kutwa, na mashimo yale wanayoyaita maduara, moja kando ya jingine. Mama wa Studio hakuwalaani. "Kila mtu na anachokitafuta mlimani," alisema. Alipiga picha ya mlima ukiwa na watu wake, kutoka pale alipozoea kusimama siku zote, kwenye kichuguu ng'ambo ya korongo.

Wiki chache baadaye alinigongea ukuta kwa namna nisiyoijua, gonga moja, kimya, gonga. Nilimkuta ameweka picha mbili kwenye kompyuta, moja ya zamani na moja ya jana yake.

"Tazama hili jiwe."

Juu ya maduara palikuwa na jiwe kubwa kama nyumba, lililokaa mabegani mwa mlima tangu dunia iumbwe. Kwenye picha ya zamani, kati ya jiwe na mwamba wa nyuma yake palikuwa na mstari mwembamba. Kwenye picha mpya mstari ulikuwa umekuwa ufa. Ungeweza kuiona mbingu ndani yake.

"Linasogea," akasema. "Wanachimba chini yake na linasogea. Twende."

Tulifika palipo na kelele. Msimamizi wa maduara yale alikuwa jitu la watu lenye kofia ya chuma na tochi juu yake, wenzake wakimwita Mkuu. Vijana waliona kamera wakatuzunguka. Mmoja akasema tumetumwa na kampuni kupima eneo ili wao wafukuzwe. Mwingine akavuta mkanda wa begi. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama cherehani. Nilimvuta Mama wa Studio turudi.

Yeye akamsalimia Mkuu kwa Kisukuma, salamu ndefu, ya nyumbani, ya ng'ombe na mvua na watoto. Mkuu akalazimika kuitikia, maana salamu ile huwezi kuikata katikati. Kisha akamtolea zile picha mbili alizozichapa.

Mkuu alizitazama. "Mama, hili jiwe babu zetu walilikuta hapa."

"Na babu zetu hawakuchimba chini yake."

Vijana wakacheka. Mkuu hakucheka, lakini akarudisha picha. "Wabeja, mama, asante. Tumesikia. Sasa mtuache tufanye kazi."

Hapo ndipo Mama wa Studio alipofanya jambo ambalo hata leo nikilisimulia nywele zinanisimama. Alikwenda kwenye duara lililokuwa karibu kabisa na lile jiwe, lile ambalo kamba ilikuwa ikishuka na kupanda na vifusi, akakaa kwenye mdomo wake. Akakunja miguu, akaweka begi mapajani.

"Mama, ondoka hapo."

"Kama ni salama kwa walio chini, ni salama kwangu mimi niliye juu. Mama Kulwa, nipe chapati."

Nilimpa. Akala. Watu wakajaa. Wauza chai wakaacha birika. Wengine walimtukana, wengine wakasema huyu bibi ana wazimu, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaanza kulia na kusema mume wake yumo shimoni humo, basi atolewe, kwani kuna ubaya gani akitolewa? Mama wa Studio akamwambia, "Mwite." Yule mama akainama kwenye shimo akamwita mumewe kwa jina. Mwingine naye akaja akamwita wa kwake.

Mkuu alikuwa amesimama na mikono kiunoni. Akatazama jiwe, akatazama lile kundi la wanawake. Akatema mate chini. "Toeni watu wa mistari hii miwili ya maduara," akasema. "Tuhamie kule chini. Na wewe mama, usirudi hapa kunisumbua."

Jiwe halikuanguka siku ile. Wala kesho yake, wala mwezi ule. Geita nzima ilimcheka. Wapita njia walisimama mlangoni pa studio wakauliza, "Mama, leo jiwe limelalaje?" Shemeji alikasirika kwa niaba yake akafukuza watu kwa ufagio. Yeye mwenyewe alikuwa mtulivu kuliko nilivyomjua. "Acha wacheke," aliniambia. "Wakicheka wako hai."

Mvua za masika zilipokaza, asubuhi moja kweupe, jiwe likashuka. Tulisikia habari kwa dereva wa bodaboda aliyekuja mbio akipiga honi mtaa mzima. Lilifunika ile mistari miwili yote, maduara, kamba na maturubai, likaenda kusimama korongoni. Hakuwamo mtu. Baadhi ya vijana walikuwa wameshaanza kunyemelea kurudi kule juu, ila mvua yenyewe ndiyo iliyowazuia asubuhi hiyo. Kwa hiyo sisemi kwamba yote yalikuwa kazi ya mama yule. Nasema tu niliyoyaona.

Mkuu hakuja kumshukuru, na sidhani kama aliwahi kukiri mbele ya mtu. Alituma mbuzi. Tatizo ni kwamba Mama wa Studio aliwachukia mbuzi kwa moyo wake wote, kwa sababu milimani waliingia kwenye picha zake wakati mwanga umekaa vizuri. Yule mbuzi alifungwa mlangoni, akala pazia la rangi ya bluu linalowekwa nyuma ya wateja wa pasipoti. Kwa wiki nzima watu wa Geita walipigwa picha mbele ya kitenge nilichomshonea haraka haraka.

Baadaye alivunjika mguu. Hata si mlimani, aliteleza jikoni. Mfupa haukuunga vizuri, na binti yake mkubwa akaja kumchukua wakaishi wote Kahama, kule Nyasubi. Studio ikawa duka la simu. Ukuta wangu ukanyamaza. Tuliongea kwenye simu, lakini simu haina upepo, na kila mara aliishia kuniuliza mawingu ya Geita yakoje, nikajitahidi kumweleza.

Mwaka jana nilikwenda Kahama kununua vitambaa, nikapita kumsalimia. Binti yake alinipokea mlangoni, mwanamke makini, mhasibu, mwenye kutazama saa yake kila mara. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tafadhali usimtajie milima. Anaumia. Na sisi hatutaki avunjike tena."

Nikaahidi. Niliingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa. Una nafasi Jumamosi?"

"Ya nini, mama?"

"Nundu."

Binti akasema, "Mama!" Mimi nikatazama sakafu. Walibishana kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwao, kwa Kiswahili, tena kwa Kikachi. Sikuelewa yote, ila nilielewa mwisho wake, pale mama aliposema, "Basi njoo na wewe. Njoo unizuie kuanguka. Hujawahi hata kuuona."

Na kweli, binti yule alikuwa hajawahi. Miaka yote ile, alikuwa anaziona picha tu.

Ijumaa walilala kwangu, na asubuhi shemeji akatupeleka kwa gari mpaka chini ya mlima. Tulipanda taratibu sana. Mama wa Studio alikuwa na magongo mawili, binti upande mmoja, mimi upande mwingine, na kila baada ya kipande kifupi tunapumzika. Nusu ya njia, kwenye uwanja mdogo wa majani, mguu ukakataa. Alikaa juu ya jiwe, uso wote jasho.

"Nimefika mwisho wangu," akasema. Hakusema kwa huzuni. Akavua kamera shingoni akamvisha binti yake. "Nenda wewe. Bonyeza hapa. Usifikiri sana."

Binti alikataa, akasema hajui kamera, akatazama saa. Mwishowe akaenda, akipanda kwa mikono na miguu, akipotea nyuma ya mwamba. Tukabaki sisi wawili tukisikiliza mawe yakibingirika chini ya viatu vyake. Upepo ulikuwa umebadilika, unatoka ziwani, baridi, na kivuli cha wingu kikapita juu yetu kikaenda. Nilijua kuna kitu kinatokea huko juu. Mama wa Studio naye alijua. Vidole vyake vilikuwa vinacheza kwenye gongo.

Halafu tukamsikia. Si sauti ya mhasibu. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeona kitu uani.

"Mama! Mama, njoo! Njoo uone! Mama, haraka!"

Alikuwa amesahau kabisa habari ya mguu.

Mama wa Studio alinitazama, macho yanang'aa. "Umesikia?" akasema. "Naitwa." Na akasimama.

Sijui tulipandaje. Sehemu nyingine alikaa akajivuta kwa makalio, sehemu nyingine nilimsukuma kwa bega, na muda wote juu kule sauti inaita, naye anaitikia, "Nakuja! Nakuja, mwanangu!" Tulipotokea kwenye mwamba, ziwa lilikuwa la bluu tu, tupu, la kawaida, jua limeshapanda.

Binti alikuwa amesimama katikati ya mwamba, nywele zimetimka, machozi yanamtoka. "Lile wingu limeondoka," akasema. "Mama, lilikuwa hapa sasa hivi. Limeondoka."

"Ulipiga?"

Akaitazama kamera kifuani kwake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. "Nilisahau."

Mama wa Studio alicheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka ikabidi nimshike, na binti naye akaanza kucheka huku analia. Tukamketisha mahali penye kivuli. Akanyoosha mguu wake mbovu, akaupapasa, akamvuta binti yake akae mbele yake.

"Haya," akasema. "Nionyeshe. Lilianzia wapi?"

Binti akanyoosha mkono kuelekea visiwani. Kisha akanyoosha na wa pili, maana mmoja haukutosha, akaanza kusimulia.